Mtu wa Kupishwa

Kazi ya Babu wa Toroli ilikuwa kuwa mzee. Hakuwa na kazi nyingine, na hiyo aliifanya vizuri kuliko mtu yeyote niliyepata kumwona. Asubuhi tulimkuta amekwisha kufika kwenye tanuri la kukaushia mbata, kanzu safi, kofia imekaa sawa, bakora mkononi. Tulipopakia magunia, yeye alingoja. Tulipomaliza, tulimtandikia mkeka juu ya magunia ya mbele na kumpandisha, watu wawili tukimshika kwapani. Akishakaa, alikohoa mara moja. Kikohozi hicho ndicho kilichokuwa amri ya kusukuma.

Najua msomaji wa leo atauliza kwa nini watu wanne wenye nguvu zao waongeze mzigo wa mtu mzima juu ya mzigo wa mbata. Ni swali zuri. Ngoja nilieleze polepole, maana jambo lenyewe ni jepesi ukishalishika mwanzo wake.

Wakati wa Mdachi, shamba moja kubwa la minazi lililokuwa ndani huko, nyuma ya Miburani, lilitandikiwa reli ndogo hadi kwenye bohari la pwani, Kilindoni. Usifikirie garimoshi. Vilikuwa vyuma viwili vyembamba juu ya mataruma ya mti, na mtu aliweza kuvivuka vyote viwili kwa hatua moja. Juu yake yalipita matoroli ya mbao, kila moja na wasukumaji wanne. Mbata ilishuka pwani, matoroli yakarudi matupu. Njia ilikuwa moja tu, na hapo ndipo penye kisa chote: anayeshuka na anayepanda lazima wakutane, na toroli haliwezi kukwepa kama mtu anavyokwepa.

Bwana Mkubwa, Mdachi aliyesimamia shamba, alikuwa ametoa amri fupi. Wakikutana, toroli tupu linyanyuliwe litolewe relini, lenye mzigo lipite. Ilikuwa amri nzuri. Ila aliyeitunga hakujua kwamba sisi tukikutana njiani jambo la kwanza si mzigo, ni salamu. Na ukishamwambia mtu shikamoo, naye akakuitikia marahaba, huwezi tena kumwambia ashuke akupishe. Umekwisha kusema kwa mdomo wako nani mkubwa.

Basi njia yetu ikawa inaendeshwa kwa umri. Kundi lenye mtu mzima kuliko wote lilipita, liwe na mzigo au liwe tupu. Kundi letu lilikuwa la watu wabichi. Mimi nilikuwa na mke na mtoto mmoja, na bado nilikuwa wa pili kwa ukubwa. Siku nyingi tulishusha magunia yote, tukanyanyua toroli, tukasimama majanini huku toroli tupu linapita na wazee wake wanatuombea dua. Kisha tukapakia upya. Jua likituchwea kabla ya kufika pwani, mnyapara alitukata posho kwa uvivu.

Sudi, mwenzetu aliyekuwa na ulimi mkali kuliko mikono, ndiye aliyesema, "Kwani lazima mzee asukume? Si awepo tu?"

Ndivyo tulivyompata Babu. Alikuwa akiishi Miburani na mkewe, ambaye alikuwa amekwisha kupofuka. Tulikwenda kumwomba. Alitusikiliza, akatafuna tambuu yake, akauliza swali moja tu.

"Posho ya mchele mnapewa watu wangapi?"

"Wanne, Babu."

"Mwambieni mnyapara mko watano."

Mnyapara alikubali, kwa sababu alitaka mbata ifike. Tangu siku hiyo chungu cha nyumba ile ya Miburani kilitegemea jambo moja: Babu apishwe. Kama angepatikana mkubwa kuliko yeye, asingekuwa na faida kwetu, na mnyapara hakuwa mtu wa kulisha asiyekuwa na faida. Nakuomba uliweke hilo moyoni, maana watu wengi walimcheka mzee yule bila kulijua.

Na alikuwa wa kuchekesha kweli. Tukikaribia kukutana na wenzetu, alinyoosha shingo na kulegeza mashavu. Mkono uliokuwa imara ukaanza kutetemeka juu ya bakora. Sauti iliyomkaripia Sudi dakika moja nyuma ikawa nyembamba kama ya mgonjwa. "Nani hao, wajukuu zangu?" aliuliza, na hali alikuwa amewaona kabla yetu. Wale wakashika kofia zao, "Shikamoo, Babu," naye akaitikia marahaba ndefu, kila herufi na pumzi yake, mpaka walipokuwa wamekwisha kunyanyua toroli lao.

Tukiwaacha nyuma alirudi kuwa kijana. "Sukumeni!" alisema. "Au mnangoja nishuke niwaonyeshe?"

Sudi alipenda kumchokoza. "Babu, kwa kweli una miaka mingapi?"

"Inayotosha."

"Inayotosha nini?"

"Kufika Kilindoni."

Umri wake hakuna aliyeujua, wala sitaki kujifanya ninaujua. Alizaliwa wapi, na nani, sikuuliza. Na ningeuliza angenijibu kulingana na toroli lililokuwa mbele yetu.

Ajabu ya mtu huyu ni kwamba, akishuka relini, hakutaka kupishwa na mtu. Msikitini alikaa safu ya nyuma, karibu na viatu, na ukimvuta mbele alikasirika. Kwenye njia ya kisimani niliwahi kumwona akiingia kwenye miiba, kanzu ikachanika, ili mwanamke mwenye mtungi wa maji kichwani apite katikati. Nilimwambia, "Babu, yule ni sawa na mjukuu wako." Akanijibu, "Ana maji, mimi nina nini?" Nyumbani kwake aliwapisha hata kuku. Mkewe ndiye aliyekaa kitandani, yeye chini. Alimmegea wali mikononi mwake kwa zamu, huu wako, huu wangu, na wake yeye ulikuwa mdogo kila mara. Bibi hakuona, lakini aliujua uzito wa tonge. "Unaniibia tena," alikuwa akisema. "Unajiibia."

Jambo jema halikai siri. Makundi mengine nayo yakatafuta wazee. Baada ya miezi michache kila toroli lilikuwa na babu wake juu, na mnyapara akaapa kwamba njia ile inabeba ndevu nyingi kuliko mbata. Kila walipokutana wazee wawili ilibidi ijulikane nani mkubwa. Nani alitahiriwa na kundi gani, nani alimkuta nani tayari ana mke. Matoroli yalipanga foleni nyuma yao, jua likapanda, watu wakakoka moto wakachoma mihogo.

Babu alishinda wote, mpaka kundi moja lilipomleta mzee kutoka Ras Mkumbi.

Mzee wa Ras Mkumbi alikuwa mdogo wa mwili, mkavu, na hakutetemeka kwa makusudi; alitetemeka tu. Tulikutana naye karibu na Miburani. Sisi tulikuwa na mzigo, wao watupu. Wazee wawili wakatazamana, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyesema shikamoo. Walianza kwa "Sabalkheri" na "Sabalkheri", kama wafanyabiashara.

Babu akatangulia. "Mimi, Wasakalava walipoivamia Kua, nilikuwa nimebebwa mgongoni. Nakumbuka moshi."

Watu wakanung'unika kwa heshima. Huo ulikuwa umri wa kutisha, maana tangu wavamizi wale waje kutoka ng'ambo ya bahari kuuchoma mji ule, vizazi vitatu vilikuwa vimepita. Yule mzee mwingine akatikisa kichwa taratibu.

"Nami naukumbuka," akasema. "Aliyekubeba ni mimi."

Wasukumaji wao walishangilia. Sudi akafunika uso. Mimi nilimtazama Babu na nikaona jambo ambalo sikulielewa siku ile: alikuwa amemwangalia mwenzake usoni, kwa muda, kama mtu anayesoma. Kisha akakohoa.

"Vizuri," akasema. "Kama ulinibeba wakati ule, umezoea. Nibebe na leo. Shusheni toroli."

Kicheko kilichotoka pale kilisikika mbali. Hata kundi la Ras Mkumbi walicheka, na mtu akishacheka keshashindwa. Walinyanyua toroli lao huku machozi yanawatoka. Mzee wao alisimama majanini, akatupisha.  Siku hiyo Babu hakumkaripia mtu mpaka Kilindoni.

Kwa bahati mbaya, Bwana Mkubwa alikuwa nyuma yetu kwenye toroli lake, lile lenye kiti na mwavuli. Alikuwa amengoja foleni yote ile. Aliuliza kinachongojwa, akaambiwa ni Wasakalava. Akauliza wako wapi. Alipofafanuliwa, hakucheka. Wiki chache baadaye alishuka chomboni fundi mmoja wa Kihindi aliyewahi kufanya kazi kwenye reli kubwa za bara.

Sasa twende taratibu tena, maana hapa wengi huchoka na kuruka. Usiruke, ni rahisi. Fundi alifanya mambo mawili. La kwanza, pale Miburani, katikati ya njia, alitandika reli ya pili fupi kando ya ile ya kwanza, zikakutana kwenye ncha zote mbili kwa ulimi wa chuma unaogeuzwa kwa mkono. Toroli moja huingia huku, jingine kule, yakapishana bila kunyanyua kitu. La pili, aliigawa njia vipande viwili, shamba hadi Miburani na Miburani hadi pwani, na kila kipande akakipa fimbo yake. Cha juu fimbo nyeupe, cha chini fimbo nyekundu. Hakuna toroli linaloingia kwenye kipande bila kubeba fimbo yake, na fimbo ni moja tu. Ukifika mwisho, unaiacha hapo kwa atakayerudi. Kama fimbo haipo mbele yako, maana yake iko upande wa pili, na huenda inakuja na toroli juu yake. Unangoja. Basi. Hata mtoto analielewa, na mimi nililielewa siku ya tatu.

Fundi alisimamisha na mlingoti wenye mkono wa mbao uliopakwa rangi: ukinyooka, simama, ukilala, njoo. Siku ya kuuzindua Bwana Mkubwa alihutubu mbele yetu sote, mkalimani akitafsiri. "Kuanzia leo hakuna mkubwa wala mdogo. Fimbo ndiyo mkubwa. Hata mimi, bila fimbo sipiti."

Tulipiga makofi. Babu hakupiga. Alikuwa amesimama pembeni na mkeka wake umekunjwa kwapani, kwa sababu wazee wote walikuwa wameambiwa washuke.

"Fimbo haina hata unywele mmoja mweupe," akaniambia. Alijaribu kutania, lakini nilijua anafikiria chungu.

Nilikwenda kwa mnyapara mimi mwenyewe. Nikamwambia kwamba fimbo inahitaji mshikaji, na mshikaji anahitaji kuwa mtu wa kukaa mahali pamoja na kutobishiwa. Mnyapara akafikiri, akaona wazee anao. Babu akawekwa Miburani kwenye mapishano. Pwani, kwa mzaha ambao sijui ni wa mnyapara au wa Mungu, akawekwa mzee wa Ras Mkumbi. Wazee wawili waliogombania njia sasa walishika ncha mbili za kipande kimoja, na fimbo nyekundu ikawa inakwenda na kurudi baina yao mara nyingi kwa siku. Hawakukutana tena. Lakini Babu kila alipoipokea alimwuliza aliyeileta, "Hajambo huko?" Na wa pwani, tuliambiwa, aliuliza vilevile.

Ungetarajia Babu awe mlegevu. Alikuwa mkali kuliko Fundi. Aliinua na kulaza ule mkono wa mbao kwa adabu ya mtu anayefungua mlango wa msikiti. Watu waliomsihi, "Babu, njia tupu, naiona mpaka mwisho," aliwajibu, "Macho yako si fimbo." Wazee wenzake walipokuja na kumtajia umri, aliwaambia wakae kivulini wangoje. Yule aliyeishi kwa kupishwa alikuwa sasa anawazuia wote sawasawa, na niseme kweli, ilimpendeza. Mbata ilifika pwani mara mbili ya zamani. Fundi alimpa mkono alipoondoka.

Siku ninayotaka kukusimulia, Bwana Mkubwa alikuja Miburani kwenye toroli lake la kiti. Alikuwa anawahi chombo pwani. Mkubwa wake alikuwa akipita na chombo hicho, naye alitaka kuonana naye. Kundi letu lilikuwa limengoja pale tangu asubuhi. Mkono wa mbao ulikuwa umenyooka. Fimbo nyekundu haikuwapo.

"Fungua," akasema Bwana Mkubwa kwa Kiswahili chake.

"Fimbo iko pwani, Bwana."

"Mimi nakwenda pwani."

"Ndiyo, Bwana. Nayo pengine inakuja."

Bwana Mkubwa akatazama njia. Ilikuwa nyeupe tupu mpaka inapopinda. Akatazama saa. Wasukumaji wake walimtazama Babu kwa macho ya kuomba. Mnyapara akamnong'oneza, "Mzee, unataka kulala njaa? Laza mkono, apite."

Babu hakutetemeka safari hii. Alisema, si kwa ukali, "Bwana mwenyewe alisema. Hata mimi, alisema. Tulikuwapo."

Basi Bwana Mkubwa akangoja kwenye kiti chake chini ya mwavuli, uso umewiva. Kutoka pwani hakikuja kitu, si toroli wala mtu. Nilianza kuona aibu kwa niaba ya Babu. Mwisho akatokea Sudi peke yake, akitembea juu ya mataruma, fimbo nyekundu mkononi. Hakuja kazini siku hiyo; alikuwa kashuka pwani kwa miguu tangu alfajiri kwa shughuli zake. Alifika akamkabidhi Babu, na Babu kabla ya lolote akauliza, "Hajambo huko?"

Sudi akavua kofia. Kisha akasema, "Tumemkuta amekaa, Babu. Fimbo mapajani. Tulidhani anasinzia. Kwa kumshughulikia hakuna aliyekumbuka fimbo mpaka sasa."

Babu alisoma innalillahi kimya. Akawapa wasukumaji wa Bwana Mkubwa fimbo, akageuza ulimi wa chuma, akalaza mkono wa mbao. Kila kitu kwa utaratibu wake. Toroli la kiti likapita mbio. Chombo kilikuwa kimekwisha kuondoka.

Kesho yake mnyapara alileta uamuzi. Hakuthubutu kumtazama. Babu ameachishwa kazi. Bwana Mkubwa amesema hakuna kosa lililofanyika, ila kazi ya ishara inataka mtu mwepesi wa fahamu, na Babu ni mzee mno.

Babu alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akacheka, na alicheka mpaka akashika mlingoti. "Hatimaye," akasema, "kuna aliyekiri."

Sisi wanne tulikubaliana kwamba posho ya tano isife. Kila mmoja alipunguza kidogo katika yake, na Sudi ndiye aliyekuwa akipeleka mchele Miburani, akidanganya kwamba umetoka kwa mnyapara. Bibi aliupima mkononi, akasema, "Huu umepita mikono mingi." Aliupika.

Vita ikaja, Mdachi akaondoka, Mwingereza hakuihitaji reli yetu. Vyuma viling'olewa, vingine vikawa boriti za nyumba za watu. Mataruma tuliyachoma kwenye matanuri. Tuta likabaki njia ya miguu, nyembamba, majani yameifunga pande zote. Bibi alikuwa amefariki. Babu sikuwa nimemwona kwa miaka.

Nilimkuta hapo, karibu na mapishano ya zamani, siku nilipokuwa nikipeleka nazi pwani kwa mzega, rundo moja mbele na jingine nyuma. Alikuwa anakuja upande wangu. Mwendo wake ulikuwa wa mtu asiyeona vizuri, na sasa alitetemeka kweli. Mkononi hakuwa na bakora yake. Alishika fimbo nyekundu, rangi imebaki kwenye mafundo tu. Nilikwisha kupata mvi zangu.

"Nani?" akauliza. "Una mzigo?"

"Shikamoo, Babu. Ni mimi wa toroli lako. Nina nazi."

"Marahaba. Pita, basi." Akaingia majanini.

"Haiwezekani, Babu. Pita wewe." Nami nikaingia majanini, mzega ukanisukuma bega. Tukasimama hivyo, kila mtu upande wake, njia tupu katikati yetu. Sudi angetucheka sana.

"Una mzigo wewe," akasema. "Amri ya kwanza ilikuwa sahihi. Mtupu ampishe mwenye mzigo. Sisi ndio tulioiharibu." Akaiegemea fimbo. "Yule wa Ras Mkumbi alisema kweli. Nilimtambua kwa kovu la kidevuni. Alikimbia na mimi mgongoni mpaka mikokoni, naye ni mtoto. Nami nikamshusha mbele za watu kwa ajili ya mchele."

 Nilisema, "Mchele ulikuwa wa Bibi."

"Najua ulikuwa wa nani," akasema. "Haya, chukua." Alininyooshea fimbo. "Ukifika mwisho uiache kwa atakayerudi."

Niliipokea, kwa sababu huwezi kumkatalia. Nilitembea na mzigo wangu na fimbo yake hadi pwani, mahali lilipokuwa bohari. Hapakuwa na mtu wa kurudi. Ndipo nilipokumbuka Babu alikuwa bado ndani ya kipande cha fimbo nyekundu, na sheria aliyoishika siku ile mbele ya mwavuli inasema nini juu ya asiye na fimbo: angoje.

Niliacha nazi chini, nikarudi mbio. Alikuwa palepale, majanini, amesimama. Hakuwa amepiga hata hatua moja.